Kijana, Hiyo Huenda Siyo UTI

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Kliniki nalisikia neno moja kila wiki: "Daktari, nina UTI," yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Anayelisema mara nyingi ni kijana wa miaka ishirini na kitu, macho sakafuni.

Mrija wa mkojo wa mwanamume una urefu wa sentimita 20 hivi. Wa mwanamke ni kama 4 tu. Bakteria wa utumbo wakitaka kupanda hadi kibofu cha mwanamume wana safari ndefu, ndiyo maana UTI ya kweli ni nadra kwa kijana mwenye afya. Mzee aliyeanza kubanwa na tezi dume, hayo ni mengine. Kijana akichomwa na mkojo, kwanza nashuku mrija wenyewe umevimba, na waliouvimbisha mara nyingi ni bakteria wa kujamiiana.

Wa kisonono, aliyegunduliwa na Albert Neisser mwaka 1879, hana subira. Siku 2 hadi 5 tu, usaha mzito wa njano uko kwenye nguo ya ndani. Kwenye hadubini wanakaa wawili wawili kama punje za maharage, ndani ya chembe nyeupe za damu. Klamidia ni mpole, na upole wake ndio unaonitisha: wiki 1 hadi 3, ute mwepesi asubuhi, muwasho kidogo, au usisikie chochote kabisa ukampelekea mkeo. Yuko pia mikoplasma wa sehemu za siri, aliyepatikana London mwaka 1980. Huyu hana ukuta wa seli, na kazi ya penisilini ni kubomoa ukuta. Itabomoa nini?

Sasa mtu anapita duka la dawa, ananunua vidonge kadhaa vya rangi mbili, usaha unakauka, anatangaza amepona. (Mnacheka, mnajijua!) Kisonono kilishazishinda salfa, kikazishinda penisilini, na siprofloksasini nayo leo haiaminiki tena. Tena kisonono na klamidia hupenda kupanda daladala moja. Sindano ya seftriaksoni itamshusha wa kisonono. Klamidia anahitaji vidonge vya doksisaiklini, asubuhi na jioni kwa siku 7, hata kama maumivu yaliisha siku ya pili. Akiachwa, anaweza kushuka hadi kwenye korodani, zikavimba.

Nadhani neno UTI tunalipenda kwa sababu halimtaji mtu wa pili. Ukisema kisonono, lazima mwenzako naye aje atibiwe, na nyote mpumzike tendo kwa siku 7. Usipomleta atakurudishia, nawe utasema dawa zetu ni feki. Na yeye mirija yake ya uzazi inaweza kuziba kimyakimya.

Mkija kupima, msikojoe angalau saa moja kabla. Tunataka mkojo wa mwanzo kabisa, ule unaosafisha mrija, siyo wa katikati.

Kaka wa koti la kijani, umenyoosha mkono tangu nianze. Karibu, uliza.