Kasha la Kuchimba Mifupa: Tunaandaa Somo la Jumamosi kwa Watoto wa Darasa la Tatu Hadi la Tano

Shikamooni wakubwa zangu, walimu wenzangu habari za leo. Niko hapa Lindi, nyumbani, chini ya mwembe. Aliyeshika simu ni mpwa wangu, kwa hiyo picha ikicheza mlaumuni yeye. "Shangazi, mimi sijatikisa." Haya baba, hujatikisa.

Leo tunatengeneza kasha la kuchimbia. Tunafukia mifupa ya kuku, tunaigandisha ndani ya mchanga, halafu Jumamosi watoto wanaifukua kwa miswaki na vijiti. Wanapima, wanachora, wanabishana. Na mimi mwalimu nakaa pembeni nimefunga mdomo. Hiyo ya kufunga mdomo ndiyo ngumu kuliko zote, tutaifikia.

Kwa nini mifupa? Kwa sababu tuko Lindi! Kilima cha Tendaguru kiko hapa hapa mkoani kwetu. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, zaidi ya tani 200, na walioshika majembe na patasi ni watu wa huku. Msimamizi wao mmoja aliyesifika sana aliitwa Boheti bin Amrani. Mizigo ikabebwa kwa miguu, vichwani na mabegani, siku kadhaa mpaka bandarini Lindi. Mnyama mmojawapo leo amesimama kwenye makumbusho Berlin, kimo chake mita 13.27. Anaitwa Giraffatitan. Kuna mtoto wangu wa darasa la nne anaweza kukutajia mito yote ya Ulaya, lakini hilo jina alikuwa hajawahi kulisikia. Nikasema hapana, hili tutalichimba wenyewe.

Vifaa, haraka haraka. Kasha la mbao, sentimita 40 kwa 40, kina 10. Haya anatengeneza kaka yangu, ni seremala, anatumia vipande vya mwembe vinavyobaki kwenye vitanda. Anayetaka aniandikie, nauza kasha pamoja na brashi zake. Ukiwa na lako, tumia lako, sitanuna. Uzi, misumari midogo, miswaki mikuukuu, brashi ya rangi ndogo, vijiti vya meno, vijiko. Mchanga. Unga wa jipsamu, ule wanaopigia dari mafundi, unauzwa kwa kilo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Udongo mwekundu. Kopo la lita moja la kupimia. Mifupa.

Mifupa naipata kwa dada wa chipsi kuku, ananiwekea kwenye ndoo, ameshazoea kunicheka. Chemsha na sabuni ya unga, sugua nyama yote itoke, suuza, anika juani siku mbili tatu. Usianike chini. Juu ya bati au juu ya kichanja, maana paka wa mtaa huu hawana dini. Ukipata kuku mzima ni bora zaidi, watoto watakuja kuupanga mwili wote. Iliyovunjika ikawa na ncha kali toa.

Sasa mchanga, na hapa naomba unisikilize vizuri. Mchanga wa mtoni. Wa mtoni. Usichukue mchanga wa pwani. Najua ukiwa Lindi au Mikindani bahari iko mlangoni, unajaza ndoo bure na upepo unapigwa. Mimi nilifanya hivyo mara ya kwanza. Chumvi ya bahari inaiharakisha jipsamu kuganda. Nilikuwa sijamaliza hata kupanga mifupa, beseni limeshakuwa jiwe. Jumamosi ikafika, watoto wanakwangua kwa mswaki, hakitoki kitu. Mmoja akaenda kuleta jiwe, wakapiga. Mifupa yote chenga chenga. Nilitamani ardhi ipasuke. Kwa hiyo mchanga wa mtoni, huu wangu umetoka Lukuledi. Na kama huna kabisa ila wa pwani, uoshe kwa maji ya bomba mara tatu nne, uonje. Ndiyo, uonje, weka ulimini. Ukiwa bado na chumvi, osha tena.

Vipimo: mchanga makopo manne, jipsamu kopo moja. Manne kwa moja. Usije ukasema niongeze jipsamu kidogo ishike vizuri. Hatutaki ishike vizuri! Tunataka mtoto wa miaka tisa aishinde kwa kijiti.

Tutachanganya mara mbili, nusu nusu, kwa sababu ikishalowa haikusubiri. Changanya vikavu kwanza. Jifunge khanga puani, vumbi lake si zuri. Na mikono iwe na glavu. Halafu jambo moja ambalo si la utani: mtoto asitumbukize mkono kwenye jipsamu inayoganda. Inatoa joto wakati inakaza, na mkono ukinasa ndani unaweza kuungua vibaya. Kazi hii ya leo ni ya mtu mzima, watoto wapo majumbani kwao.

Maji, kidogo, kidogo. Unakoroga huku unamimina. Nataka ufinye ngumi, tonge lishikane, lakini maji yasichuruzike kwenye vidole. Kama… ngoja… nini? "Shangazi, simu imejaa." Imejaaje? Futa hizo video za mpira! Futa! Jamani, msiondoke.

…Haya tumerudi. Na mnaona hiki? Angalieni kwenye beseni. Mwiko umesimama wenyewe kama mlingoti wa jahazi. Huo ni muda wa kufuta video za mpira tu. Ndiyo ninachowaambia siku zote, na mimi mwenyewe nimenaswa. Hii tunaitupa. Usiongeze maji ukadhani itarudi, hairudi. Na usimwage kwenye karo wala mtaro, itaziba bomba. Acha iwe kavu, vunja, tupa jalalani. Tunaanza upya, na safari hii kila kitu kiko mkononi kabla ya tone la kwanza la maji. Mifupa hapa. Kopo la nyanya tupu, limepakwa mafuta ya kula kwa nje, hapa. Kasha hapa. Simu ina nafasi? Ina nafasi.

Manne kwa moja, maji, tonge, mimina. Sawazisha kama sentimita mbili na nusu. Panga mifupa upesi. Mimi napenda kuitawanya kama vile mnyama alifia ukingoni mwa mto, maji yakamsukuma: kidari huku, paja kule, mbavu zimelala upande mmoja. Ukiipanga sawasawa kama kuku wa kwenye picha, watoto wanakumaliza kwa dakika kumi.

Sasa simamisha lile kopo la nyanya, hapa pembeni. Likandamize mpaka liguse chini ya kasha. Changanya nusu ya pili, mimina kuzunguka kopo, funika mifupa. Kopo libaki limesimama, juu yake tupu. Halafu usiende kokote! Usiende kunywa chai. Kila baada ya dakika mbili, bonyeza kwa kidole chenye glavu. Ikishaanza kukaza lakini bado inaacha alama, zungusha kopo taratibu, kulia, kushoto, kulia, ulivute juu. Ukichelewa, halitoki, utavunja kasha la watu. Ukiwahi sana, shimo linaporomoka. Kulia, kushoto… haya, limetoka. Mnaona? Shimo safi.

Acha kivulini siku mbili. Nyie mtaona sasa hivi kwa sababu ninalo jingine la juzi, lile lililokauka.

Ndani ya shimo, chini kabisa, weka kizibo cha soda. Fukia kwa udongo mwekundu, shindilia. Halafu tandaza udongo huo huo mwekundu juu ya kasha zima, sentimita tatu, unyevu kidogo tu. Humo chomeka kigae cha chungu, kombe mbili tatu za pwani, punje ya korosho yenye ganda ukitaka. Sawazisha, mtu asijue kitu.

Mmeona nilichofanya? Kizibo cha soda kiko chini kuliko mifupa. Mtoto aliyeambiwa kwamba cha chini ndicho cha zamani atasema soda ilikuwepo kabla ya kuku. Muache aseme! Wataandika hivyo kabisa kwenye daftari. Darasa langu la mwisho walibishana robo saa. Mmoja akasema mwalimu umekosea. Wawili wakasema dinosaria walikunywa soda, wakacheka mpaka kazi ikasimama. Mimi ulimi unaniwasha, nataka kuwaambia angalieni rangi, angalieni rangi ya udongo. Nikanyamaza, nikala karanga. Kisha binti mmoja mpole, hanyooshi mkono darasani hata siku moja, akaweka kidole juu ya duara jekundu katikati ya ule mchanga mweupe, akasema, "Hapa palichimbwa baadaye." Basi. Nikashindwa hata kumeza ile karanga.

Mwisho, nyuzi. Misumari kila baada ya sentimita kumi pembeni mwa kasha, vuta uzi huku na huku, unapata miraba kumi na sita. Herufi A mpaka D upande mmoja, namba 1 mpaka 4 upande wa pili. Hiyo mnaijua, sirefushi.

Siku yenyewe: watoto wanne kwa kasha moja. Mmoja anachimba, mmoja anapima kwa rula kutoka kwenye uzi kwenda chini, mmoja anachora kwenye karatasi yenye miraba ile ile, mmoja anaandika. Kila dakika kumi wanabadilishana, la sivyo wote wanataka kuchimba na mwandishi analia. Sheria yangu ni moja: hakuna kung'oa mfupa mpaka umechorwa. Hata ukilegea. Hata ukining'inia. Mfupa ukishatoka mahali pake, hutajua tena ulilala vipi.

Watoto wa huku hawana haja ya kufundishwa sana namna ya kuchimba. Waulize, ukichimba ming'oko, ile mizizi ya porini tunayokula, unavutaje? Watakuambia wenyewe kwamba huvuti. Unauzunguka, unaufuata unakoelekea, maana ukivuta unakatika na nusu tamu inabaki chini. Basi mfupa ndio hivyo hivyo. Aliyewahi kwenda porini na bibi yake anafanya kazi nzuri kuliko mtoto wa mjini mwenye vitabu vya rangi.

Mifupa ikitoka yote, wape kitambaa cheusi waipange. Usiwape picha. Halafu chukua mfupa mmoja mkavu wa bawa, uvunje mbele yao. Ndani una uwazi. Wale wakubwa wa Tendaguru pingili zao za shingo nazo zilikuwa na nafasi za hewa, ndiyo maana shingo ndefu vile iliweza kunyanyuka. Na ndege ni kizazi cha dinosaria. Ukisema hivyo, jiandae, kuna atakayeuliza kama kuku wa jana usiku alikuwa dinosaria. Mimi huwa nasema kamuulize mama aliyempika.

Mabonge yanayobaki yavunje, chekecha, mchanga utautumia tena ukiongeza jipsamu mpya. Ile ya zamani haigandi mara ya pili.

Nimesahau kitu? "Shangazi, mchanga wa mtoni." Nimeshasema. "Sema tena." Wa mtoni, jamani. Wa mto… Huyo paka! Huyo, huyo, amebeba paja! Zima simu, kimbia huku!