Anayeshtakiwa Ana Kabila, Anayedhurika Ni "Mwananchi" Tu

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Habari za Ziwa Victoria na gugumaji hapa Mwanza mnazijua, sizirudii. Nina jambo moja, na wengine mmeshanisikia nikilisema.

Sikilizeni tunavyozungumza mazingira yakiharibika. Ng'ombe wakiingia kwenye bonde oevu, utasikia "Wasukuma wamevamia". Mwaka 2006 wafugaji walipoondolewa kwenye mabonde oevu ya Usangu na Ihefu, kusini mwa nchi, makabila yao yalitajwa wazi: Wasukuma, Wabarbaig, Wamaasai. Lakini maji machafu yakishuka mlimani hadi kisimani, anayeyanywa anaandikwa "mwananchi". Hana kabila, hana mtaa, hana kazi. Mtu akishtakiwa tunamtambulisha hadi ukoo, akidhurika tunamfuta. Tutajuaje basi kwamba madhara yanawarudia watu wale wale?

Marekani walilipindua hilo. Mwaka 1982, huko Warren County, North Carolina, udongo wenye PCB, kemikali ya viwandani yenye sumu, ulipelekwa kufukiwa kwenye eneo la watu weusi maskini. Zaidi ya watu 500 walikamatwa wakipinga. Mwaka 1983 wakaguzi wa serikali kuu walitazama madampo manne ya taka za sumu kusini-mashariki mwa nchi: matatu yalikuwa kwenye jamii zenye weusi wengi. Halafu 1987 ikaja ripoti ya tume ya kanisa la United Church of Christ, na hapa naomba utulivu. Hawakuishia kulalamika. Walichukua maeneo ya posta, yaani yanayotumia namba moja ya posta, yenye vituo vya taka hatari na yasiyo navyo, wakalinganisha kipato, thamani ya nyumba na rangi za wakazi. Rangi ilionyesha kituo kitakuwa wapi vizuri zaidi kuliko hata kipato. Wale waliozoea kujibu "pale ardhi ni rahisi tu" wakajibiwa kwa hesabu.

Njia ile ilikuwa na kasoro. Kituo kikiwa mpakani, jirani wa ng'ambo ya barabara hakuhesabiwa, kwa kuwa yumo eneo jingine la posta. Ndiyo maana utafiti wa 2007 ulichora duara la kilomita tatu kuzunguka kila kituo. Ndani ya duara, wasio weupe walikuwa asilimia 56. Nje, asilimia 30.

Najua kuna anayesema moyoni, "Huyu anatuletea ukabila." Hapana! Sensa yetu ya mwisho kuuliza kabila ni ya 1967, na sitaki tuirudie. Kule rangi ilifaa kuwa kipimo kwa sababu mitaa iligawanywa kwa rangi. Mkoloni alitugawia Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Leo kinachowatenga watu ni hati ya kiwanja, mwinuko wa mlima na kazi wanayofanya. Na Katiba imeshatupa lugha. Ibara ya 13(5), inapoeleza maana ya kubagua, inataja kabila na rangi, kisha pahala mtu alipotokea na hali yake ya maisha. Hali ya maisha! Mbona haimo kwenye ripoti zetu za mazingira?

Basi wekeni kwenye ramani dampo la Buhongwa, mabwawa ya majitaka, viwanda vya samaki na kila mfereji unaoingia Mto Mirongo. Hesabuni kaya kwa mtaa, msihesabu kwa kata. Kata moja inaweza kuwa na nyumba za geti chini na vyumba vya kupanga juu kwenye mawe. Ukichukua wastani, wote wanaonekana wana maisha ya kati. Kwa kila kaya andikeni chanzo cha maji, aina ya choo, ana hati au hana, amepanga au ni mwenye nyumba, na kazi yake.

Duara la Wamarekani liacheni huko huko. Mwanza ni milima, uchafu unafuata mkondo. Kwenye mwamba shimo la choo haliendi chini, linajaa mapema. Gari la kunyonya halipandi. Mvua ikinyesha watu wanatapisha vyoo. Anayeugua yuko bondeni, pengine mtaa mwingine kabisa. Fuateni mkondo hadi ziwani, mhesabu walio kandokando yake. Na sampuli za maji chukueni masika na kiangazi, maana za kiangazi peke yake zitawadanganya.

Andikeni pia mwaka kituo kilipojengwa na mwaka kila kaya ilipofika. Bila tarehe hizo mtaambiwa watu walijipeleka wenyewe damponi.

Naona naonyeshwa saa. Zebaki wanayotumia wachimbaji wadogo wa dhahabu Geita ilihitaji mhadhara wake. Niseme tu kwamba tukishaandika "wachimbaji haramu", tumeacha kuuliza mvuke wa zebaki inayochomwa nyumbani unavutwa na nani, na watoto wamo.

Kanuni za Tathmini ya Athari kwa Mazingira za 2005 zinataka ripoti iwe na muhtasari wa Kiswahili. Ukiletwa mtaani kwenu, usomeni. Kila palipoandikwa "wananchi", ulizeni: wa mtaa gani, wanakunywa maji ya wapi, wanafanya kazi gani? Na mjibiwe kabla ya kusaini karatasi ya mahudhurio, kwa sababu karatasi hiyo ndiyo itakayoambatanishwa kuonyesha kwamba mlishirikishwa.