Hewa Haiishi, Inachafuka

Ndugu zangu, wazee wangu, na nyinyi vijana mliokaa sakafuni kwa kuwa viti havikutosha, habari za jioni.

Mwenyekiti wa jioni hii ya Kiswahili aliponipigia simu aliniomba nije Kasese nizungumze juu ya safari za angani. Nikamwambia mimi si mtu wa anga, mimi ni mtu wa usingizi. Kwa miaka kumi na tisa kazi yangu imekuwa kumlaza mgonjwa kwa nusukaputi, kumpumulia wakati hajijui, kisha kumwamsha. Akacheka, akaniita musawo, yaani tabibu, akasema: "Basi njoo utuambie, musawo. Tuseme watu wawili wamekwama kwenye chombo kidogo huko juu, hewa yao inapungua. Nini hasa kitawaua?" Hilo, nikamwambia, naliweza.

Kabla sijaanza, kuna vikopo viwili vya plastiki vinaanza kuzunguka kutoka mstari wa mbele. Ndani yake mna chembechembe nyeupe, mfano wa mchele uliokatikakatika. Hiyo ni chokaa ya soda, tunaitumia kwenye mashine ya usingizi. Msifungue tafadhali, inachoma ngozi. Kikopo kimoja ni chokaa mpya, haijafanya kazi hata dakika moja. Cha pili kina chokaa iliyofanya kazi mpaka ikachoka kabisa. Tazameni, tikiseni, mnong'onezane, kila mstari ukubaliane kipi ni kipi. Nitawauliza.

Sasa turudi kwa wale wawili. Watu husema "hewa inaisha", kana kwamba ni mafuta kwenye pikipiki ya boda. Kwenye chumba kilichozibwa hewa haiendi popote. Haiishi, inachafuka. Na anayeichafua ni wewe mwenyewe.

Mnayajua yale matangi meusi ya plastiki ya kukingia maji ya mvua, ya lita 2,500. Nafasi ya kukaa ndani ya kile chumba cha Soyuz, chombo cha anga cha Warusi, ambacho wanaanga hurudia Duniani ni takriban mita za ujazo 2.5, yaani tangi hilohilo. Tuwaweke humo watu wawili, tuzibe kifuniko, tusiwape mashine yoyote. Mtu mzima aliyetulia hutumia kama mililita 250 za oksijeni kwa dakika, na hutoa kama mililita 200 za hewa ya ukaa, hii ambayo shuleni mnaiita kabonidioksidi. Wawili kwa saa moja wanatumia lita 30 za oksijeni na kutoa lita 24 za ukaa. Ndani ya lita 2,500 hiyo ni kama asilimia moja ya ukaa kila saa.

Baada ya saa tano mambo yakoje? Oksijeni imeshuka kutoka asilimia 21 hadi 15. Inatisha ukiisikia hivyo. Lakini asilimia 15 kwa mgandamizo wa usawa wa bahari, na ndio mgandamizo ulio ndani ya Soyuz, ni sawa na kuwa kwenye mwinuko wa mita 2,700 na ushei. Mwinuko huo tunaujua hapa. Ni Nyabitaba, au juu yake kidogo tu, pale wanapolala usiku wa kwanza watu wanaopanda Rwenzori. Wapagazi wetu hufika Nyabitaba na mizigo mgongoni wakiwa wanapiga soga. Hakuna anayekufa Nyabitaba kwa kukosa oksijeni.

Ila ukaa umefika asilimia tano, na hewa tunayovuta hapa ukumbini ingekuwa safi kabisa ingekuwa na asilimia 0.04 tu. Kwa asilimia tano kichwa kinagonga, moyo unakimbia, unahema kama mtu aliyefukuzwa, na kuhema hakukusaidii maana unachovuta ndicho ulichotoa. Ikiendelea kuelekea asilimia kumi, mtu anapotewa na fahamu. Oksijeni bado ipo, na yeye hayupo.

(Hapo mzee mmoja aliuliza kama ndivyo wanavyokufa watu wanaolala na sigiri ndani.) Hapana, mzee wangu, na umeuliza vizuri. Sigiri hutoa monoksidi ya kaboni, hiyo ni mwizi mwingine, hainuki wala haikufanyi uheme. Tupangiane jioni nyingine kwa ajili yake. Ila leo ukirudi nyumbani, sigiri ibaki nje.

Nina sababu ya kuusema ukaa kwa uchungu. Miaka kadhaa nyuma, katika hospitali moja ambayo sitaitaja, tulikuwa na mashine ya usingizi ya mzunguko. Pumzi ya mgonjwa inatoka, inapita kwenye kopo la chokaa ya soda, chokaa inanasa ukaa, pumzi inamrudia ikiwa imeongezwa oksijeni na dawa. Chokaa ikichoka hubadilika rangi, inakuwa zambarau. Jumatatu asubuhi nikaangalia kopo: jeupe, safi. Tukamlaza mama mmoja wa uvimbe wa tezi shingoni.

Baada ya muda uso wake ukaanza kutoa jasho. Mapigo ya moyo yakatoka 80 yakafika 130, presha ikapanda. Kipimo cha kidoleni kinanisomea oksijeni asilimia 99. Kifaa cha kupima ukaa kwenye pumzi hatukuwa nacho. Nikajiambia usingizi ni mwepesi huyu mama, nikaongeza dawa. Mapigo hayakushuka. Nikaongeza tena.

Tulikuwa na mwanafunzi wa uuguzi, wiki yake ya kwanza. Nilikuwa nimemwambia asimame ukutani asiguse kitu. Akagusa. Akasema taratibu, "Musawo, hili kopo ni la baridi. Ijumaa lilikuwa na joto."

Chokaa inaponasa ukaa hutoa joto. Kopo linalofanya kazi ukiliwekea kiganja utadhani kikombe cha chai kilichoanza kupoa. Kopo la baridi limekufa. Na ile rangi ya zambarau, nililijua hili kitabuni nikalisahau thieta, chumba cha upasuaji: chokaa iliyochoka ikipumzika siku mbili inarudi kuwa nyeupe. Weupe ule wa Jumatatu ulikuwa wa uongo. Yule mama alikuwa anarudishiwa pumzi yake mwenyewe kwa muda wote ule, oksijeni ikiwa tele. Nikafungulia gesi mpya kwa nguvu tukasafisha mfumo wote, na baada ya dakika kama kumi mapigo yakaanza kurudi. Aliamka akaomba maji. Mimi niliketi kwenye ngazi za nje, miguu haikutaka kunibeba.

Sasa twende juu. Uganda nayo ilishafika huko, msisahau. Setilaiti yetu ya kwanza, PearlAfricaSat-1, iliachiliwa kutoka kituo cha anga cha kimataifa Desemba 2022. Ilikuwa mchemraba wa sentimita 10. Bahati yake haikuwa inapumua.

Kisa cha watu wawili ninachokipenda ni cha Septemba 1988. Vladimir Lyakhov, kamanda wa Kisovieti, safari yake ya tatu, na Abdul Ahad Mohmand, rubani wa kijeshi, Mwafghani wa kwanza kwenda angani. Walikuwa wamekaa siku chache kwenye Mir, kituo cha anga cha Kisovieti, na tarehe 6 Septemba wakapanda Soyuz TM-5 kurudi nyumbani. Soyuz ni vipande vitatu. Mbele chumba cha mviringo chenye nafasi ya kujinyoosha na choo. Katikati lile tangi letu la kurudia. Nyuma injini. Utaratibu wa siku hizo ulikuwa kukiacha kile chumba cha mbele kabla ya kuwasha injini ya kushukia, chombo kiwe chepesi, mafuta yapungue. Wakakiacha. Choo nacho kikaenda zake. (Kicheko.) Mnacheka, lakini mtu aliyewahi kusafiri Kasese mpaka Kampala na dereva asiyesimama anajua ninachosema.

Ukafika wakati wa kuwasha injini, haikuwaka. Kihisi kinachotafuta ukingo wa Dunia kilikuwa kimechanganywa na mwanga wa jua. Dakika saba baadaye injini ikawaka yenyewe, na Lyakhov akaizima haraka, maana kwa kuchelewa kule wangeangukia mbali sana mashariki. Wakajaribu tena baada ya mizunguko miwili. Safari hii kompyuta ikatumia programu ya kazi nyingine kabisa, iliyobaki tangu Juni pale chombo kilipokuja kujiunga na Mir. Injini ikakata baada ya sekunde chache. Lyakhov akaiwasha kwa mkono, ikakata tena. Ikabidi wangoje kesho yake.

Wakatulia wawili kwenye tangi, bega kwa bega, wamevaa mavazi ya safari, bila choo, na chakula kidogo cha dharura. Ilitangazwa kuwa wana hewa ya siku mbili hivi. Maneno hayo "hewa ya siku mbili" sasa mnajua maana yake. Soyuz hubeba makopo yenye superoksidi ya potasiamu, ambayo huchukua unyevu na ukaa wa pumzi na kutoa oksijeni. Ni binamu wa chokaa yangu, ila yeye anakopa na kulipa papo hapo. Siku mbili ni umri wa makopo.

Sehemu ninayoirudia usiku nikiwa zamu ni hii. Kama Mohmand alivyosimulia baadaye, injini ilipokuwa imezimwa mfuatano wa kompyuta haukuzimika. Uliendelea kuhesabu kuelekea hatua inayofuata, na hatua hiyo ilikuwa kukitenga kipande cha injini. Kikiachana nao wamebaki kwenye tangi lisilo na namna ya kushuka, na makopo ya siku mbili. Aliyeona saa ile inahesabu ni Mohmand, mgeni, aliyefunzwa miezi michache tu. Akamwambia kamanda wake, na kamanda akausimamisha.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilikuwa nadhani methali hiyo ni ya kuku anayechinjwa, mwenyeji naye apate minofu. Tangu siku ya yule mwanafunzi wangu na kopo la baridi, naisikia tofauti.

Kwa hiyo lile swali ambalo najua mmoja wenu analo mdomoni, kwamba wawili wakipungua akabaki mmoja hewa si itadumu maradufu, nalijibu kama mtu wa hesabu kwanza. Mtu anayepigana au kukimbia mlimani hutoa ukaa hata mara kumi ya aliyetulia. Dakika tano za kukabana koo ndani ya tangi ni karibu saa nzima ya utulivu iliyochomwa na wote wawili. Na ukishinda, umebaki na saa inayohesabu na jozi moja ya macho. Huo si uhodari, ni hesabu mbaya.

Wale wa Apollo 13, safari ya Wamarekani ya kwenda mwezini iliyopata ajali njiani, walikuwa watatu, Lovell, Swigert na Haise, Aprili 1970, wamejibana kwenye chombo cha kutulia mwezini kilichotengenezwa kwa watu wawili, siku mbili. Wengi hudhani waliponea chupuchupu kukosa oksijeni. Oksijeni ilibaki. Tatizo lilikuwa makopo ya kunasa ukaa: yaliyobaki yalikuwa ya mraba, na matundu ya chombo kile ya mviringo. Wahandisi wakawaelekeza kwa redio watengeneze kiungo kwa mifuko ya plastiki, majalada ya vitabu vya maelekezo, mipira ya kupitishia hewa ya mavazi na mkanda wa gundi. Fundi yeyote wa soko la hapa angeelewa kazi ile kwa kutazama mara moja. Ukaa ukashuka.

Na msiniambie basi wabebe oksijeni nyingi. Machi 1965, Belyaev na Leonov kwenye chombo cha Kisovieti Voskhod 2, baada ya Leonov kutoka nje na kurudi, mlango haukuziba sawasawa na mfumo ukajibu kwa kumwaga oksijeni ndani. Sasa walichohofia kikawa cheche ya kuwasha moto. Sisi thieta tunaijua hofu hiyo: oksijeni nyingi, kitambaa kikavu, kifaa cha umeme cha kuchomea mishipa.

Lyakhov na Mohmand walitua Kazakhstan tarehe 7 Septemba 1988, wazima. Baada ya hapo Soyuz zikaanza kubaki na chumba cha mbele mpaka injini imalize kazi yake, mafuta yatumike tu. Na mimi thieta kwangu, Ijumaa jioni chokaa inamwagwa hata ikionekana nzima, na kopo jipya linaandikwa tarehe kwa kalamu ya wino mzito.

Haya, vikopo vyangu viko wapi? Naona kimoja kule dirishani. Mstari wa mbele mnasema kipya ni chenye kifuniko cha bluu. Mstari wa nyuma chekundu. Mama pale anasema vyote vipya. Vileteni. Chokaa iliyochoka niliimwaga Ijumaa ikiwa zambarau kama ua la kitunguu saumu, leo ni Jumapili. Navaa glavu, maana punje mpya husagika na iliyochoka hukaza. Punje ya chekundu, naibana kwa vidole… inasagika, mnaona unga. Punje ya bluu, naibana. Naibana tena. Ni jiwe.