Asidi Iliyofungwa Kwenye Mkaa

Mabibi na mabwana, nianze na kazi inayochosha kuliko zote maabara: kuiondoa asidi ukishaitumia. Ukitaka kupata esta, yaani kemikali inayozaliwa asidi ya mafuta ikiungana na alkoholi, asidi kidogo ya salfuriki huharakisha mmenyuko vizuri tu. Tabu huja baadaye. Asidi imeyeyuka humohumo, haishikiki. Unaiua nguvu kwa alkali, unaosha, unaosha tena, na unabaki na chumvi na maji machafu ambayo hakuna aliyeyataka.

Je, tukiifunga kwenye kitu kigumu kinachochujika? Mwaka 2005 Michikazu Hara na wenzake, huko Japani, walionyesha njia rahisi ajabu. Waliunguza sukari pasipo hewa, kwenye nyuzi 400 hivi za Selsiasi, wakaupika mkaa wake ndani ya asidi kali ya salfuriki. Vikundi vya salfoniki, yaani vipande vya molekuli vyenye ukali wa asidi, vikang'ang'ania kwenye kaboni. Hicho ndicho kichocheo, yaani kiharakishi cha mmenyuko.

Siri ni kutouivisha mkaa kupita kiasi. Ukiiva mno, kaboni hujipanga matabaka makubwa magumu, na nafasi za kushika salfoniki hupungua. Ukiiva nusunusu, hubaki na vikundi vya haidroksili na kaboksili vinavyopenda maji; alkoholi hupenya hadi ndani, hata kama eneo la uso wa mkaa wenyewe ni dogo.

Tangu hapo yamejaribiwa makapi ya miwa, maganda ya mpunga, vifuu vya nazi, mianzi, karibu kila taka ya shambani. Mimi makala za majaribio hayo huzisoma kuanzia nyuma, kwenye jedwali la matumizi ya kurudia. Tusisahau kwamba mkaa huu nao uliogeshwa asidi ya salfuriki, tena nyingi. Ukitumika mara mbili ukachoka, tumeihamisha taka tu.

Lipo jaribio moja linaloumbua. Katikati ya mmenyuko, chuja mkaa, kisha endelea kupasha kimiminika peke yake. Esta ikizidi kuongezeka kwa kasi ileile, salfoniki imebanduka, na iliyokuwa ikifanya kazi ni asidi ya majimaji tuliyodhani tumeachana nayo. Ila chuja mchanganyiko ungali moto. Ukingoja upoe, kilichobanduka chaweza kurudi kujishika kwenye mkaa, nawe ukauona mzima.