Subhas Bose kabla ya magwanda

Ndugu zangu, Subhas Chandra Bose, mpigania uhuru wa India, mnayemjua ni yule wa magwanda na buti, anayekagua gwaride. Nimeshalisema hili kwenye kumbi nyingi na leo nalirudia: huyo ni Bose wa miaka ya mwisho. Siasa alijifunzia ofisi za jiji la Calcutta, Kolkata ya leo, kwenye maji, taka na shule.

Mwaka 1924 chama cha Swaraj, yaani cha kudai kujitawala, kilishinda uchaguzi wa madiwani, na Chittaranjan Das akawa meya. Mkurugenzi mtendaji akawa Bose, kijana wa miaka 27. Mshahara wa cheo hicho ulikuwa rupia 3,000 kwa mwezi, akachukua 1,500. Watumishi wakavishwa khadi, kitambaa cha India cha kufumwa kwa mkono, mitaa ikaanza kuitwa kwa majina ya Wahindi, elimu ya msingi ya bure ikapewa kipaumbele. Das akashikilia pia kwamba Waislamu, waliokuwa wachache mno kwenye ajira za jiji, wapate sehemu yao. Alipigiwa kelele sana, tena na watu wa upande wake. Hakurudi nyuma.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri. Oktoba 1924 polisi wa serikali ya kikoloni ya Waingereza walimkamata Bose. Hakusomewa mashtaka, hakupelekwa mahakamani. Walidai anashirikiana na wanamapinduzi wa siri. Lakini madiwani hawakumwondoa kazini! Basi kwa wiki kadhaa mafaili ya jiji yakawa yanapelekwa gerezani Alipore. Katibu anaingia na makaratasi, Bose anasoma, anaamua, na askari wamekaa pale pale wanasikiliza. Serikali imemfungia mtu ndani kwa madai kwamba ni hatari, na jiji kubwa kuliko yote India linaendelea kumuuliza la kufanya. Mnataka ushahidi gani tena kwamba madaraka yalishaanza kuhama? Waingereza wakaona hapana, wakamhamishia mbali, hadi Mandalay, Burma. Alirudi 1927, mgonjwa.

Najua atasimama mtu aseme meya na watu wake ni wavaa majoho tu, hawana madaraka. Kwa Mumbai ya leo ningekubali: utendaji uko kwa kamishna anayeteuliwa na serikali ya jimbo. Calcutta ya 1924 haikuwa hivyo. Mkurugenzi alichaguliwa na madiwani, ingawa serikali ilipaswa kuridhia, na aliwajibika kwao. Msichanganye miji!

Agosti 1930 akachaguliwa meya, akiwa tena kifungoni. Januari 26, 1931 aliongoza maandamano ya uhuru barabarani. Polisi wakampiga virungu, meya wa jiji, mchana kweupe, kisha wakamfunga.

Muda unakwisha, nitakimbia. Urais wa Congress, chama kikuu cha kudai uhuru wa India, 1938. Kuchaguliwa tena 1939 kwa kura 1,580 dhidi ya 1,377 za Pattabhi Sitaramayya, mtu wa Gandhi. Kujiuzulu miezi michache baadaye. Kisha kutoroka 1941 hadi Berlin. Hilo la kwenda kwa Hitler silitetei, na sitaki mtu alifunike kwa sababu anampenda Bose. Singapore, na jeshi lake la Wahindi lililopigana upande wa Japani, mnazijua.

Ila kabla sijakaa: naibu meya wa Das mwaka ule wa 1924 alikuwa Huseyn Shaheed Suhrawardy. Mwaka 1956 akawa waziri mkuu wa Pakistan. Naye alipita baraza lile lile la madiwani. Haya, maswali.