Kuni Wanatoa Wapi? Charles Ingalls na Familia Yake Mbugani

REHEMA: Karibuni tena kipindini. Baraka, mbona macho mekundu hivyo?

BARAKA: Dada Rehema, we acha tu. Juzi gesi imekata, maharage yameiva nusu. Nikakimbilia mkaa, kumbe umelowa mvua. Nimepuliza hadi basi. Nikiwa kwenye moshi ule ule nafungua maandalizi yako ya leo: Charles Ingalls, mhamiaji wa mbuga za Marekani, nyasi tupu bila miti, karne ya 19, pamoja na "mafunzo manne kwa mkulima". Mafunzo sikuyasoma. Nilibaki na swali moja: hawa watu kuni walikuwa wanatoa wapi?

REHEMA: Tutafika huko. Tuanze na mtu mwenyewe. Charles Phillip Ingalls, kazaliwa mwaka 1836 Cuba, jimbo la New York, siyo ile Cuba ya Havana, msije mkanijazia simu. Mwaka 1860, huko Wisconsin, akamwoa Caroline Quiner. Na nyumba hizo mbili zilioleana mara tatu. Peter, kaka yake Charles, alimwoa Eliza, dada yake Caroline. Henry, kaka yake Caroline, alimwoa Polly, dada yake Charles.

BARAKA: Kwa hiyo shemeji na wifi hawana pa kujificha.

REHEMA: Watoto: Mary 1865, Laura 1867, ambaye ndiye aliyekuja kuwa mwandishi, Carrie 1870, Freddie 1875, Grace 1877. Freddie alifariki na miezi tisa, Agosti 1876, familia ikiwa njiani kuelekea Iowa. Mary alipofuka mwaka 1879 baada ya kuugua. Hiyo ndiyo familia. Sasa sheria ya kuwagawia walowezi ardhi ya serikali.

BARAKA: Huko Wisconsin kuni zipo?

REHEMA: Tele, msitu mtupu. Kazi ni kung'oa visiki. Sheria, Baraka! Tarehe 20 Mei 1862, Rais Lincoln anatia saini. Una miaka 21 au ni mkuu wa kaya, hujawahi kuishika silaha dhidi ya Marekani, ni raia au umetangaza nia ya kuwa raia: unachagua ekari 160. Mjane anaruhusiwa, binti asiyeolewa anaruhusiwa, mke wa mtu haruhusiwi. Ada zote jumla yake dola 18. Unajenga, unalima, unaishi pale miaka mitano, unakuja na mashahidi wawili, unapewa hati.

BARAKA: Ekari 160 ni mraba wa nusu maili kila upande. Uzio wake ni maili mbili kamili, zaidi ya kilomita tatu. Nguzo za uzio huo zinatoka wapi kama hakuna mti?

REHEMA: Ndiyo maana seng'enge ilipokuja iliuzika sana. Joseph Glidden wa Illinois alipata hataza yake mwaka 1874. Nguzo zinakuwa chache, katikati ni waya tu.

BARAKA: Unaona? Swali langu siyo la mchezo. Sheria inakupa ardhi, haikupi mti. Na bila mti huna nyumba, huna moto, huna uzio. Wewe unasema dola 18. Mimi nasema dola 18 ni bei ya karatasi.

REHEMA: Hapo umesema. Haya, nyumba kwanza, halafu tunarudi kwenye mpango.

BARAKA: Haturudi, lakini endelea.

REHEMA: Nyumba ya mabonge ya nyasi. Siyo tofali la kufyatua. Ni tabaka la juu la ardhi lenyewe, na mizizi yake. Unatafuta sehemu yenye nyasi nzito ambayo haijawahi kulimwa, mizizi imeshikana. Unangoja udongo uwe na unyevu kiasi. Ukiwa mkavu, bonge linamomonyoka. Ukilowa sana, linakatika kwa uzito wake ukiliinua.

BARAKA: Na plau ya kawaida haifai.

REHEMA: Haifai, maana ile inapindua na kuvunja. Walikuwa na plau maalumu ambayo badala ya ubao wa kupindulia ina fito za chuma. Inachana utepe wa upana wa inchi 12, unene wa inchi nne, na kuulaza taratibu. Mtu anakuja nyuma na sepetu anakata vipande vya futi mbili hadi tatu. Nusu ekari inatosha nyumba ya futi 16 kwa 20.

BARAKA: Na usikate ya wiki nzima.

REHEMA: Kata ya kujengea siku hiyo hiyo. Likilala juani linakauka, linakataa kushikana na mwenzake. Unalipanga nyasi zikitazama chini, mistari miwili au mitatu sambamba, ukuta unafika futi mbili na zaidi. Viungo visikutane. Kila baada ya safu mbili au tatu, unalaza safu moja kwa kukingama ili ifunge. Sasa dirisha, hapa wengi waliharibu. Ukuta huu unashuka. Mabonge yanajibana kwa miezi. Ukiweka fremu ya dirisha ikabana juu na chini, ukuta ukishuka unavunja kioo. Kwa hiyo juu ya fremu unaacha nafasi, unaijaza matambara au nyasi, na mzigo wa juu unabebwa na mti uliokingamishwa.

BARAKA: Mti!

REHEMA: Najua.

BARAKA: Umesema mti! Unatoka wapi?

REHEMA: Kando ya kijito. Mierebi na mipopla huwa inaota penye maji. Mtu anasafiri siku nzima na mkokoteni kufuata miti michache ya paa. Mwamba mmoja katikati, yaani mti mrefu wa kushika paa, fito juu yake, matawi ya mierebi, nyasi kavu, halafu mabonge membamba. Hapo ndipo kilio. Mvua ikinyesha, paa linakunywa maji, linakuwa zito, mwamba unapinda. Na nje mvua ikikatika, ndani inaendelea kudondoka siku nyingine nzima, tope jeusi kwenye unga na kwenye kitanda. Wakatundika shuka la pamba chini ya dari, likinge udongo, panya na nyoka.

BARAKA: Lakini wakati wa baridi ilikuwa na joto kuliko nyumba ya mbao.

REHEMA: Na kiangazi ilikuwa na ubaridi. Sasa Charles, mwaka 1874, alipofika Walnut Grove, Minnesota, hakujenga hata hiyo. Familia iliingia kwenye shimo lililochimbwa ukingoni mwa Plum Creek. Nyuma na pembeni ni ardhi yenyewe, mbele tu ndiko kuna ukuta. Inakula mti kidogo kuliko zote. Tatizo lake ni mifugo: paa liko usawa wa malisho.

BARAKA: Ng'ombe anapita juu, mguu unatokea jikoni. Na jikoni moto wa nini?

REHEMA: Baraka...

BARAKA: Wasikilizaji wanangoja!

REHEMA: Hawangoji, ni wewe. Haya. Kwanza, mavi makavu ya nyati wa kule, na baadaye ya ng'ombe. Lazima yakauke kabisa, yawe mepesi, ukiyavunja yatoe unga. Hayanuki sana, yanawaka haraka, tatizo ni majivu. Anayepika anatia mavi, ananawa, anakanda mkate, anatia tena, ananawa tena. Ndoo ya majivu inatoka kila saa. Ila ilipofika miaka ya 1880 nyati walishauawa karibu wote, hazina hiyo ikaisha. Pili, magunzi ya mahindi, kama una mahindi. Tatu, nyasi.

BARAKA: Hapa ndipo nilipotaka.

REHEMA: Majira ya baridi ya 1880 hadi 1881, De Smet, Dakota. Charles alikuwa ameandikisha shamba lake Februari 1880. Tufani ya kwanza ya theluji ilipiga katikati ya Oktoba, mapema mno. Familia ikahamia mjini, kwenye jengo la biashara alilojenga Charles. Mji unategemea reli kwa kila kitu, makaa ya mawe hadi unga. Reli imepita kwenye mikato ya vilima. Watu wanafukua theluji, upepo unajaza tena, na kila wakifukua kingo zinazidi kwenda juu, kwa hiyo mkato unashika theluji zaidi ya mwanzo. Januari treni zikasimama. Zilirudi Mei.

BARAKA: Kwa hiyo wanasokota nyasi.

REHEMA: Chukua nyasi ndefu za bondeni, konzi mbili, urefu wa mkono. Shika ncha zote mbili, songa kinyume, mkono huu mbele, ule nyuma, mpaka zikaze na kujikunja zenyewe. Kunja katikati, ziache zijisokote, ncha zichomeke ndani. Unapata kijiti kigumu. Ugumu ndio siri: ikilegea hewa inaingia, inalipuka yote mara moja, jiko linawaka na kuzima. Iliyokazwa inakupa dakika chache. Kwa hiyo mtu mmoja anasokota mfululizo ili wengine wasigande, kwenye chumba chenye baridi, na nyasi zinakata viganja.

BARAKA: Na kuna majiko yalitengenezwa hasa kwa nyasi. Ile yenye mitungi ya bati, unashindilia nyasi ndani, unapachika mtungi kwenye jiko, ukiisha unabadilisha na mwingine.

REHEMA: Wao hawakuwa nayo. Unga ulipokwisha, wakasaga ngano kwenye mashine ya mkono ya kahawa, kibakuli kwa kibakuli, kutwa nzima kwa mkate wa siku moja.

BARAKA: Serikali nayo iliona tatizo la miti. Mwaka 1873 ikatoa sheria: panda miti, upewe ekari nyingine 160. Mwanzo ekari 40 za miti, mwaka 1878 wakapunguza hadi 10. Kila ekari upande miche 2,700, na baada ya miaka minane iwepo hai 675. Pale jua na nzige vinapokula kila kitu. Mwaka 1891 ikafutwa.

REHEMA: Charles alipanda mipopla yake kwenye shamba la De Smet, mmoja kwa mke na mmoja kwa kila binti. Baadhi ipo hadi leo.

BARAKA: Sasa niambie. Mwaka 1869 mtu huyu alikuwa Kansas, karibu na Independence, kijito kipo, miti ipo, nyumba ya magogo kajenga. Kwa nini hakubaki?

REHEMA: Kwa sababu miti haikuwa yake. Ardhi ile ilikuwa hifadhi, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya Waosage, wenyeji wa asili wa Marekani. Alijenga kwenye shamba la watu na magogo ya watu. Isaac Gibson, wakala wa serikali kwa Waosage, alilalamika waziwazi: walowezi wanakata mbao zao, wanachukua farasi, wanaingia hadi kwenye nyumba zao. Ni wizi.

BARAKA: Neno zito. Mwaka 1868 kulikuwa na mkataba wa kuwauzia watu wa reli eneo lile lote. Kila gazeti linasema linafunguliwa. Maelfu wameingia, jeshi linatazama tu. Fundi seremala mwenye watoto wawili atajuaje?

REHEMA: Mkataba ule haukuidhinishwa, Rais Grant aliuondoa. Na kujua kwamba kitu kitauzwa siyo kwamba kimeuzwa. Sensa ya 1870 inawataja kwa majina, safu ya thamani ya ardhi iko wazi, maana hawakuwa na ardhi.

BARAKA: Lakini Julai 1870 Bunge likapitisha sheria: waliokwishakaa wanunue kwa dola 1.25 kwa ekari. Dola 200 kwa ekari 160. Serikali yenyewe ikahalalisha.

REHEMA: Ikawahalalisha walioingia bila ruhusa, na Waosage wakahamishwa kwenda eneo ambalo leo ni Oklahoma. Hiyo inathibitisha hoja yangu.

BARAKA: Inathibitisha yangu! Mwenye kosa ni aliyetunga sheria. Na Charles hakununua. Mtu aliyekuwa ananunua shamba lake la Wisconsin, Gustaf Gustafson, alishindwa kulipa, mwaka 1871 familia ikarudi.

REHEMA: Kurudi hakufuti miti aliyokata.

BARAKA: Miti michache ya nyumba ya chumba kimoja, Rehema.

REHEMA: Kidogo chake, mara maelfu ya walowezi. Kwenye mbuga ambayo wewe mwenyewe umeniambia kipindi kizima kwamba mti ndio mali.

BARAKA: Sikubali.

REHEMA: Na mimi sibadiliki. Muda?

BARAKA: Dakika tatu. Nzige hatujagusa.

REHEMA: Upesi basi. 1873 hadi 1877, Minnesota. Wanataga kwenye udongo, mwaka unaofuata tunutu wanatoka. Wakulima waliburuta bati lililopakwa lami shambani, tunutu wanaruka na kunasa. Haikutosha. Novemba 1875 Charles aliapa kwamba hana kitu kabisa, ndipo akapewa nusu-pipa mbili za unga wa msaada. Hati ya De Smet aliipata 1886, na hata hapo hakuishi kwa kilimo, alikuwa seremala na karani wa mji. Alifariki 1902. Nzige wale nao walionekana mara ya mwisho karibu mwaka huo huo, wakatoweka duniani.

BARAKA: Na mafunzo manne?

REHEMA: Umeyala na kuni zako. Nitoe moja, la kisima. Enzi hizo, kabla ya mchimbaji kushuka asubuhi, waliteremsha mshumaa uliowashwa. Hewa mbaya ni nzito, inakaa chini usiku kucha. Mshumaa ukizima, mtu asishuke hata kama aliyetangulia ameanguka, wengi walikufa wawili wawili namna hiyo. Hewa ile waliitibua kwa kuangusha...

BARAKA: Wanatuonyesha mkono.

REHEMA: Baruti kidogo, ilipuke, hewa ipande. Wiki ijayo tunaanzia kisimani, na kamba.