Viazi vya kuponda: vikaushe kwanza, halafu siagi

Karibuni jikoni, wapendwa. Leo tunaponda viazi viwe laini kabisa. Hapa nina kilo moja ya viazi mviringo, siagi gramu 80, maziwa robo lita, chumvi na pilipili manga. Basi.

Sokoni chagua viazi vigumu, ganda kavu, visivyo na ukijani. Mwambie muuzaji unataka vyenye unga, vile vinavyomumunyuka vikiiva. Mimi hununua vya Njombe.

Menya, kata vipande vinavyolingana, suuza. Tia sufuriani, mimina maji ya baridi yavifunike, weka chumvi kijiko kimoja cha chai, ndipo uwashe moto. Ukivitumbukiza kwenye maji yanayochemka, nje vinarojeka na ndani bado vigumu. Vikichemka punguza moto, acha dakika 15 hadi 20. Chomeka kisu, mnaona? Kinazama chenyewe, na nikikiinua kipande kinateleza na kudondoka.

Mwaga maji yote. Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo wengi tunapoharibu. Rudisha viazi kwenye sufuria ile ile, moto mdogo kabisa, tikisa tikisa kwa dakika mbili. Tazameni huo mvuke, ni maji yanayotoka ndani ya viazi. Sogeeni muone na kingo za vipande: zimepauka, zimefanya ungaunga mweupe. Hivyo ndivyo ninavyovitaka, vimekauka na vina kiu ya siagi. Ukiruka hatua hii, ukitia maziwa unapata uji.

Zima moto, ponda vikiwa bado vya moto. Huna kipondeo? Mama yangu hadi leo anatumia mchi wa kinu cha vitunguu saumu, na viazi vyake havina hata donge moja. Ila blenda, tafadhali, hapana. Visu vyake vinapasua viazi kupita kiasi, wanga wote unatoka, vinaanza kuvutika kama ulimbo. Vikishafika hapo havirudi.

Siagi inatangulia. Itie yote, geuza kwa mwiko mpaka ipotee. Halafu maziwa, nayo yawe ya moto, maana ya baridi yatavipoza viazi kabla havijafika mezani. Mimina kidogo, geuza, mimina tena. Si lazima uyamalize. Mwiko ukiacha mfereji unaojifunga polepole, simama hapo hapo, usiendelee kukoroga. Onja chumvi, nyunyiza pilipili manga.

Pakua, bonyeza kishimo katikati kwa mgongo wa kijiko, jaza mchuzi mzito wa nyama. Vikibaki mpaka jioni vitaganda kidogo: ongeza vijiko viwili vya maziwa ya moto, rudisha kwenye moto mdogo, geuza taratibu.